Mashine Ikizimika, Ifuate Petroli

Juma hili tuzungumze habari za ile mashine ndogo ya petroli inayovuta maji mtoni na kuyapeleka bustanini. Siku hizi vijiji vingi vinazo. Wako walionunua peke yao, na wako waliochangishana wakanunua kwa shirika. Mashine ikinguruma kila mtu hufurahi. Ikizimika, ndipo maneno yanapoanza.

Kwetu maneno yalianza katikati ya kiangazi. Kikundi chetu kilikuwa kimepanda nyanya na vitunguu kando ya mto, na mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wake. Asubuhi mashine iliwaka vizuri, ikavuta maji muda wa robo saa hivi, kisha ikaanza kukohoa, ikazimika. Tukavuta kamba mpaka mabega yakauma. Tulipokwisha pumzika ikawaka tena, ikaenda kidogo, ikafa. Ikawa hivyo kutwa nzima. Siku ya tatu mzee mmoja akasema, "Petroli hii imechanganywa na mafuta ya taa." Sote tukageuka kumtazama kijana aliyekuwa akitumwa kununua. Hakuna aliyemwuliza kwa upole. Mimi mwenyewe nilishika kalamu nikaandika jina lake katika daftari la mkutano kuwa ameshukiwa, naye akanyang'anywa kazi ile.

Tukaipeleka mashine kwa fundi. Akasema ringi za pistoni zimekwisha, tulete fedha. Tukaleta, zikabadilishwa. Kwa fundi iliwaka vizuri, maana aliijaribu dakika mbili tatu tu. Tulipoirudisha mtoni ikazimika vile vile baada ya robo saa. Nyanya zilikuwa zimekwisha kunyauka.

Aliyetuokoa ni mzee wa jirani aliyepata kuwa dereva wa lori. Alikuja, akatazama, akasubiri mashine izimike. Hakushika spana wala bisibisi. Alilegeza kifuniko cha tangi tu. Tukasikia "fyuu", hewa ikiingia ndani. Akasema, "Vuteni kamba." Ikawaka. Kifuniko akakiacha kimelegea kidogo kwa jaribio, na mashine haikuzimika mpaka tulipoizima wenyewe.

Je, ilikuwaje? Katika kifuniko cha tangi mna kitundu kidogo cha kupitishia hewa. Petroli inaposhuka, lazima hewa iingie kushika mahali pake. Jaza maji katika chupa, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha itoboe chini: maji yatatoka kidogo na kukoma. Ondoa kidole, yatabubujika. Kitundu chetu kilikuwa kimezibwa na vumbi lililogandamana na mafuta. Tulikisafisha kwa brashi na sabuni, tukakikausha, tukakifunga. Dawa ya ugonjwa wetu ilikuwa hiyo tu, nasi tulikwisha mlipa fundi na kumvunjia mtu heshima yake.

Tangu siku ile nimejifunza jambo moja, nalo ndilo ninalotaka mlishike: mashine ikizimika, ifuate petroli hatua kwa hatua, toka tangi hata kabureta, kabla ya kumshuku mtu na kabla ya kufungua vyuma vya ndani.

Kwanza kabisa, jihadharini na moto. Ngojeni injini ipoe. Fanyeni kazi hii nje, mchana, mbali na jiko, sigara na kibatari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji, na waweza kuukuta moto ulio mbali ukawarudia. Tena mtu asifyonze petroli kwa mdomo na mpira. Ikiingia mapafuni yaweza kuua. Na mtu akiimeza, msimtapishe, bali mpelekeni hospitali upesi.

Haya, tuanze safari. Fungua tangi utazame. Je, petroli imo? Msicheke, wengi wameaibika hapa. Je, koki imefunguliwa? Kisha teka petroli kidogo katika chupa safi ya kioo, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yakiwamo yatakaa chini peke yake, nawe utaona mpaka kati ya viwili hivyo. Takataka nazo zitashuka chini. Ukiona maji, mwaga petroli yote ya tangini katika chombo salama, usiitumie, ukasafishe tangi. Mara nyingi maji hayo hutoka katika dumu lililosuuzwa bila kukaushwa, au lililoachwa wazi kwenye mvua.

Hatua ya pili, fuata mpira unaotoka tangini. Tazama kama umekunjika, umepasuka au umelainika hata ukajibana wenyewe. Tazama na chujio. Mashine nyingine zina kikombe kidogo chini ya koki ambamo taka na maji hukusanyika. Funga koki, kifungue, kisafishe, kirudishe pamoja na mpira wake wa kuzuia kuvuja.

Hatua ya tatu, nenda kwenye kabureta. Chini yake pana kibakuli, na katika kibakuli pana parafujo ya kumwagia. Weka kopo chini, fungua koki, legeza parafujo. Petroli itoke mfululizo. Isipotoka hata kidogo, kizuizi ki nyuma: kwenye koki, mpira, chujio au mlango wa kabureta. Ikitoka vizuri kisha ikapungua na kukoma, legeza kifuniko cha tangi. Ikianza kutoka tena, ugonjwa wako ni ule ule uliotupata sisi.

Petroli ikitoka vizuri mpaka hapo, na injini bado inakataa, angalia kabureta yenyewe. Mnamo mwaka 1893 Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza petroli kwa kitundu chembamba, na hizi zetu hufuata njia hiyo hiyo. Ndani ya kibakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano izibe mlango. Ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Toka kibakulini petroli hufyonzwa kupitia kitundu kile, ikachanganyika na hewa, ikaingia silindani.

Kitundu hicho kikiziba, dalili yake ni hii: mashine hukubali kwenda ikiwa choki tu imefungwa, yaani kile kikono kinachozuia hewa wakati wa kuwasha. Ukiifungua choki, inazimika. Mashine ya namna hiyo ina njaa. Inapata hewa nyingi na petroli haba. Kitoe kitundu, kioshe, kipulize kwa pampu ya baiskeli, kisha kitazame dhidi ya mwanga wa jua. Usikichokoe kwa waya wa chuma wala sindano ya kushonea, maana ukikipanua hata kidogo mashine itakula petroli kupita kiasi wala hutaweza kukirudisha.

Kinyume cha njaa ni kuvimbiwa. Ukiona petroli inachuruzika kutoka kabureta, au umeitoa plagi ukaikuta imelowa na inanuka petroli, huenda taka imekwama kwenye sindano, au boya limetoboka likajaa petroli. Lakini plagi ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, petroli haifiki. Rudi nyuma ukaitafute.

Sababu kubwa ya kitundu kuziba ni petroli iliyolala. Petroli ikikaa kwa zaidi ya mwezi mmoja huanza kuharibika, na iliyobaki kibakulini hukauka ikaacha gundi. Kwa hiyo msimu wa kumwagilia ukiisha, toa petroli yote tangini, kisha mwaga na ya kibakulini. Kazi hii ni ya dakika chache, nayo huokoa fedha nyingi.

Wenye mashine za namna nyingine nao watafaidika. Hata zile mashine kubwa za kukatia majani ambazo mtu huzipanda na kuziendesha, kama zitumiwazo Ulaya na Marekani, nyingi zina kabureta ya namna hii. Ila baadhi yake tangi huwa chini ya kabureta, kwa hiyo huwekwa pampu ndogo ya kupandisha petroli, inayosukumwa na pumzi ya injini yenyewe. Mpira wake ukipasuka kidogo tu, petroli haipandi. Safari ni ile ile, isipokuwa ina kituo kimoja zaidi.

Sasa nirudi kwa yule kijana. Katika mkutano uliofuata nilisimama, nikasoma mbele ya wote yale niliyoyaandika, nikayapiga mstari, nikamwomba radhi. Mzee aliyesema habari za mafuta ya taa naye akamwomba radhi. Kijana alitusikiliza akatuitikia vizuri, na hata leo tunafanya kazi naye. Lakini tulipomwomba aishike tena kazi ya kununua petroli, alikataa kwa adabu, na mpaka sasa hajaikubali. Kifuniko tulikisafisha kwa nusu saa. Jambo hili halikusafishika upesi namna hiyo.

Basi, baba na mama mlio na mashine, isafisheni leo kabla haijazimika. Na ikizimika, kaulizeni tangi kwanza. Juma lijalo, tukijaliwa, tutasema habari za plagi na cheche zake.