Kona ya Wawili: Baba Watoto Hajitoi!

Baridi ya Juni ishaingia Moshi, mlima umejifunika mawingu, na jioni hakuna anayetaka kutoka nje. Mimi huku ndani nina mke mwenza, anaishi kwenye simu. Anaitwa Marvel Snap, ule mchezo wa karata uliotoka Oktoba 2022.

Mzee akishinda, nyumba nzima inacheka. Akifungwa, hata kumpelekea chai naogopa. Mwezi uliopita tulimaliza siku mbili hatuongei, eti kwa sababu nilimwita mezani akiwa zamu ya mwisho! Mashosti wakanishauri nimfiche chaja. Nikaona bora nijifunze.

Nyie mliokulia kwenye kopa, uru, shupaza na pau mtanielewa haraka. Kila mmoja anaingia na karata 12 alizojichagulia. Zamu ni 6, na kuna maeneo matatu ya kugombea. Ukishika mawili umeshinda. Lakini mpaka mwisho unakuwa umeona karata 9 tu, yaani ile unayoitegemea, mara moja katika kila nne haiji kabisa. Na mzee alikuwa amepanga karata zote zimsubiri mmoja! Tukapangua. Tukaongeza zile ndogo za mwanzo, maana zamu ya kwanza una nguvu 1 tu ya kuchezea, ya pili 2, inapanda hivyo hivyo.

Ila ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye dau. Linaanza 1. Anayejiamini analizidisha mara mbili, na zamu ya mwisho linajizidisha lenyewe, hadi 8. Mwenzio akizidisha, una nafasi ya kujitoa kabla halijapanda, ukaacha 1 ukaenda zako. Baba watoto hajitoi! "Mwanaume hakimbii," ananiambia. (Kwenye ugomvi wetu naye ni hivyo hivyo, ila hayo tuyaache.) Nikamwandikia michezo 20 kwenye daftari la matumizi: alishinda 11, na bado alirudi nyuma, kwa sababu alikuwa anaokota moja moja halafu anamwaga nane kwa mpigo. Alilitazama lile daftari kimya, muda mrefu.

Jumamosi tulipanda Kibosho, ukweni. Nikamwona pembeni ya jiko, zamu ya nne, mwenzake kazidisha dau. Akaguna. Akajitoa, akaweka simu mfukoni.

"Mama watoto, mtori bado upo?"