Tusinunue kompyuta kama matrekta ya Kongwa

Kila mwaka baada ya mavuno ya alizeti na karanga, fedha inapoanza kuzunguka Dodoma na wilaya zake, maduka ya vifaa vya umeme nayo hupata wateja. Siku hizi si redio na televisheni tu zinazoulizwa. Wapo wakulima na wafanyabiashara wadogo wanaouliza kompyuta, na miongoni mwao wapo walioombwa na kijana wa nyumbani au kikundi cha vijana wa mtaani mashine ya kuchezea gemu la kilimo.

Kwa mtazamo wangu ombi hilo si upuuzi, na mzazi asilikatae kwa hasira. Kinachonitia wasiwasi ni namna tunavyonunua. Tunaanza na bei, tunafuata maneno ya muuzaji, halafu kazi ya mashine tunaifikiria tukishafika nyumbani. Utaratibu huo unapaswa kugeuzwa: kazi kwanza, mashine baadaye, bei mwisho.

Gemu lenyewe ni lipi?

Gemu linalozungumziwa ni Farming Simulator, kazi ya kampuni ya GIANTS Software ya Uswisi. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2008, na matoleo mengine yamefuata hadi lile la Novemba 2024. Mimi namshauri mtu wa Dodoma aangalie toleo la zamani, Farming Simulator 17, lililotoka Oktoba 2016. Sababu ni mbili. Kwanza, ndilo toleo lililoingiza alizeti na soya katika orodha ya mazao ya gemu hilo, na alizeti ni zao letu sisi na majirani zetu wa Singida. Pili, linaendeshwa na mashine ndogo kuliko yale yaliyofuata.

Ndani ya gemu hilo mchezaji hulima, hupanda, huweka mbolea, huvuna na kuuza. Anaweza kununua trekta au kulikodi. Anaweza kukopa benki, na deni hilo analilipia riba. Mazao yake anaweza kuyapeleka kwenye vituo mbalimbali vya kuuzia, na bei si moja kila mahali wala kila siku. Mtu aliyewahi kusimama soko la mahindi la Kibaigwa akipima kama auze leo au asubiri, haya si mageni kwake.

Kijana akikopa na kununua kombaini kubwa kwa shamba dogo, ataona deni linamla kabla hajavuna mara ya pili. Hasara hiyo inabaki kwenye kioo. Hakuna mbuzi aliyeuzwa wala kiwanja kilichowekwa rehani. Tukikumbuka kwamba mwaka 2023 serikali ilizindua shamba kubwa la vijana Chinangali, wilayani Chamwino, tutaona kuwa kijana anayejua kupanga mashine, mafuta na mkopo kabla hajakabidhiwa shamba ana faida kuliko asiyejua.

Lakini tusidanganyane. Mashamba ya gemu hilo ni ya Marekani na Ulaya. Mtama na uwele hazimo. Halijui mvua yetu ya msimu mmoja, inayoanza Desemba au karibu na hapo na kukoma Aprili, ikiwa na kipindi kikavu katikati kinachoweza kuua mahindi shambani. Kwa hiyo gemu halichukui nafasi ya afisa ugani wala ya mzee aliyelima kijijini kwa miaka 40. Ni zoezi la hesabu na la mpangilio wa kazi, basi.

Somo la Kongwa

Mkoa wetu una historia ya kununua mashine bila kujua kazi yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na eneo la kwanza kufyekwa lilikuwa Kongwa. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Wataalamu waliotumwa mwaka 1946 kuchunguza nchi walifanya kazi hiyo kwa wiki chache tu.

Matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyotumika, mabaki ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Yalipofika Kongwa yalikutana na vichaka vyenye mizizi migumu na udongo wa mfinyanzi unaokauka na kuwa kama saruji mvua ikiisha. Mengi yaliharibika mapema, na vipuri havikuwepo. Januari 1951 mradi ulifutwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni za walipa kodi wa Uingereza.

Kosa halikuwa kununua vitu vilivyotumika. Mkulima mwenye akili hununua jembe la mtumba likiwa zima. Kosa lilikuwa kununua nguvu bila kuuliza nguvu hiyo inakwenda kufanya nini, kwenye udongo upi, na nani ataitengeneza ikiharibika. Maswali hayo matatu ndiyo ninayotaka kila mnunuzi wa kompyuta aende nayo dukani.

Mtego uko kwenye picha

Mahitaji ya chini ya Farming Simulator 17 ni haya: prosesa yenye viini viwili na kasi ya 2.0 GHz, kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM, GB 2, na kadi ya picha yenye kumbukumbu yake ya GB 1. Linahitaji pia nafasi ya GB 6 kwenye diski.

Ndugu msomaji, tazama vizuri orodha hiyo. Kompyuta ya ofisini iliyotumika, za aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk, inapita kwa urahisi katika prosesa, kumbukumbu na diski. Inapokwama ni kwenye kadi ya picha. Nyingi ya kompyuta hizo zilitengenezwa kwa barua na hesabu, kwa hiyo hazina kadi ya picha ya kujitegemea. Zinaazima kumbukumbu ya mashine. Gemu linaweza kufunguka, lakini likatembea kwa kusuasua kama trekta lililoingia tope.

Hapo ndipo mteja anapoumia. Muuzaji atamwambia mashine hii ni i7, diski yake ni kubwa, ichukue. Yote yanaweza kuwa kweli, na bado gemu likagoma. Mteja amelipia prosesa asiyoihitaji na kukosa kadi anayoihitaji.

Jambo la pili ni umbo la mashine. Kompyuta mpakato haibadilishwi kadi ya picha. Ulivyoinunua ndivyo itakavyokaa. Vile visanduku vidogo kabisa vinavyotosha kiganjani navyo havina nafasi ya kadi. Anayetaka kuongeza uwezo baadaye anunue kompyuta ya mezani yenye sanduku la kawaida, au lile jembamba linalopokea kadi fupi. Hili la jembamba mara nyingi lina pawa saplai ndogo, kwa hiyo kadi yake iwe fupi na isiyodai waya wa ziada wa umeme. Mfano wa kadi ya namna hiyo ni GeForce GT 1030. Lakini angalizo: kadi ya jina hilo iko ya aina mbili, yenye kumbukumbu ya GDDR5 na yenye DDR4, na hii ya pili ni dhaifu zaidi. Soma boksi kabla ya kulipa.

Jambo la tatu ni umri wa prosesa. Namba yake inasema yenyewe. Ikiandikwa i5-3470, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inaonyesha ni ya kizazi cha 3. Ikiandikwa i5-8500, ni ya kizazi cha 8. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i5-10400, zile mbili za mwanzo ndizo kizazi.

Kizazi kina maana kwa sababu Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Mashine za zamani zaidi zinauzwa kwa bei ya chini kwa sababu hiyo. Kwa gemu la mwaka 2016 linaloweza kuchezwa bila intaneti, mashine hiyo ya zamani inatosha. Lakini kama kompyuta hiyo hiyo itaingia kwenye akaunti ya benki au kutunza siri za biashara, ongeza fedha uchukue ya kizazi cha 8.

Uongeze nini, kwa utaratibu gani

Ukishapata mashine nzima, usiongeze kila kitu kwa siku moja. Anza na kumbukumbu. GB 8 zinatosha kabisa, na ni bora ziwe vipande viwili vya GB 4 kuliko kipande kimoja cha GB 8, kwa sababu viwili vinasaidia zaidi mashine inayoazima kumbukumbu kwa ajili ya picha. Hakikisha ni ya aina inayoingia kwenye mashine yako. DDR3 na DDR4 haziingiliani.

Baada ya hapo lijaribu gemu, picha ukiwa umezishusha hadi kiwango cha chini. Kama linatembea vizuri, simama hapo. Fedha iliyobaki ni mbegu. Kama linasuasua, ndipo ununue kadi ya picha. Diski ya SSD itafanya mashine iwake haraka na gemu lifunguke haraka, lakini haitaondoa kusuasua kwa picha. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaouziwa SSD kama dawa ya kila ugonjwa.

Umeme na vumbi

Hakuna sehemu inayosahauliwa kama hii. Umeme ukikatika ghafla na kurudi kwa nguvu unaweza kuua pawa saplai na diski kwa pamoja. UPS ndogo inayompa mtumiaji dakika chache za kuzima mashine kwa utaratibu si anasa. Na sisi wa kanda ya kati tuna vumbi. Kuanzia Julai hadi mvua zinapokaribia, upepo unaingiza vumbi kwenye kila tundu. Kompyuta iwekwe juu ya meza na si sakafuni, isifunikwe kitambaa ikiwa inafanya kazi, na ipulizwe vumbi mara kwa mara ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Feni iliyojaa vumbi hupandisha joto, na mashine yenye joto hupunguza kasi yenyewe. Wengi hapo hudhani inahitaji prosesa mpya.

Wapo watakaosema afadhali kununua mashine mpya kuliko kuhangaika na mtumba. Kwa mwenye uwezo, sawa. Lakini kwa mkulima wa ekari tano, tofauti ya bei kati ya mashine mpya na iliyotumika inaweza kuwa ndiyo fedha ya mbegu na palizi ya msimu ujao. Gemu la karibu miaka 10 halistahili kuchukua fedha hiyo. Wengine watasema basi tuchukue ya bei ya chini kuliko zote. Hao nao nawakumbusha Kongwa.

Natoa mfano wa mgawanyo. Tuseme familia imetenga shilingi milioni moja. Laki sita zisizidi kwa mashine na kioo chake, laki mbili zikae kwa kumbukumbu na kadi, na laki mbili kwa UPS na matengenezo. Bei hubadilika, lakini mgawanyo huo usivunjwe. Atakayemaliza milioni yote kwenye mashine ameacha shamba bila fedha ya palizi.

Na mashine ipewe kazi ya pili. Ikae dukani mchana iandike mauzo, madeni na mizigo iliyoingia. Jioni kijana alime alizeti yake ya kwenye kioo. Kikundi kinachotaka kutoza wachezaji kwa saa kihesabu kwanza umeme, kodi ya chumba na siku ambazo hakuna mteja, hasa miezi ya kilimo ambapo vijana wako shambani.

Wauzaji nao nina neno kwao. Mteja akileta jina la gemu, mwashieni mashine mbele yake na mwacheni aitumie nusu saa, asikilize feni na aone kama inazima yenyewe. Mpeni risiti na udhamini wa maandishi, hata wa miezi mitatu. Muuzaji anayekataa jaribio la nusu saa amekwisha kujibu swali la mteja.

Mkulima hanunui ng'ombe wa maksai bila kumfungia jembe na kumtazama anavyovuta. Kompyuta nayo ifungiwe kazi yake palepale dukani, fedha ikiwa bado mfukoni.