Ziara za shule Bustani ya Agosti 7: Mtoto atoke na hofu au na utambuzi?

Mwanafunzi anayeingia leo katika Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7 jijini Nairobi hakuwa amezaliwa siku ile. Mara nyingi hata mwalimu aliyemleta alikuwa bado mtoto. Wote wawili husimama mbele ya ukuta wenye majina ya waliokufa, wakisoma habari ambayo kwao ni historia kama zilivyo habari za Mau Mau.

Bustani hiyo ipo palepale ulipokuwa Ubalozi wa Marekani, kwenye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, si mbali na stesheni ya reli. Wafanyabiashara wengi wanaoingia Nairobi kufuata mzigo hupita eneo hilo bila kugeuza shingo. Ndani kuna makumbusho madogo yanayoeleza kilichotokea, na shule hupeleka wanafunzi hapo kujifunza.

Kilichotokea kinajulikana. Ijumaa ya Agosti 7, 1998, baada ya saa 4:30 asubuhi, lori lililobeba bomu lililipuka nyuma ya ubalozi huo. Karibu wakati uleule, lori jingine lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, eneo la Oysterbay. Nairobi walikufa watu 213 na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam walikufa watu 11. Kati ya waliokufa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12 tu. Wengine karibu wote walikuwa Wakenya: makarani, wapita njia, abiria, na wanafunzi wa chuo cha uhazili waliokuwa katika jengo la Ufundi, lililoporomoka.

Swali si kama watoto wapelekwe huko. Swali ni watoke na nini. Na kwa mfanyabiashara wa mpakani, jibu la swali hilo linagusa mfuko wake kuliko anavyodhani.

Kwanza, shambulio lile halikujua mpaka. Kesi iliyosikilizwa New York na kumalizika mwaka 2001 kwa watu wanne kufungwa maisha, ilionyesha kuwa mtandao wa al-Qaeda ulikaa miaka kadhaa Afrika Mashariki ukijificha nyuma ya shughuli za kawaida. Mmoja wao aliendesha biashara ya samaki Mombasa. Mwingine alijihusisha na biashara ya madini ya vito. Bomu la Dar es Salaam liliandaliwa katika nyumba ya kupanga.

Yaani biashara iligeuzwa pazia, na anayelipa ni mfanyabiashara mwaminifu. Gari linapopekuliwa upya Namanga au Busia huku nyanya zikiiva kwenye matenga, chanzo cha ukaguzi huo ni pamoja na siku kama ile. Mtoto wa mfanyabiashara akilielewa hilo, ataelewa pia kwa nini nyaraka sahihi na kumfahamu mwenye mzigo ni ulinzi wa familia nzima.

Pili, ziara isiyoandaliwa vizuri inaweza kupanda mbegu mbaya. Mtoto akionyeshwa damu na vifusi bila maelezo, huenda akatoka akiogopa kila mwenye jina fulani au vazi fulani. Gharama ya woga wa aina hiyo ilionekana Aprili 2014, polisi wa Kenya walipofanya msako wa Usalama Watch. Maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kisomali, walikamatwa, na baadhi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuhakikiwa. Eastleigh, mtaa ambao wafanyabiashara wa nchi jirani hutegemea kwa nguo na vitambaa, ulitikisika.

Jibu la woga huo limo katika orodha ya waliokufa yenyewe. Bomu halikuchagua kabila wala dini. Wakristo na Waislamu walifukiwa pamoja, na waliokimbilia kuwatoa kwenye vifusi kwa mikono mitupu hawakuulizana majina. Mwalimu akianzia hapo, somo hubadilika.

Tatu, kuna walio hai. Kabla ya mlipuko mkubwa wa Nairobi ulisikika mlipuko mdogo, na watu wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Bomu lilipolipuka, vioo viliwapata usoni, na wengi wakapoteza macho. Hili ni somo la usalama ambalo mtoto hawezi kulisahau: ukisikia mlipuko, kaa mbali na dirisha.

Ni somo la haki pia. Sudan ilipokubali kulipa dola milioni 335 ili iondolewe kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi, fedha hizo zililenga raia wa Marekani na waliokuwa wakiutumikia ubalozi. Mkenya au Mtanzania aliyekuwa akipita barabarani hakuwamo. Wapo waathirika ambao hadi leo wanadai waangaliwe.

Wazazi wanaosema watoto wadogo wasitwishwe mzigo huo wana hoja. Hata hivyo, mtoto tayari huona picha mbaya zaidi kwenye simu, tena bila mtu wa kumweleza. Kinachohitajika ni maandalizi: darasa kabla ya safari, umri unaofaa, na mazungumzo baada ya kurudi. Kigali wamepiga hatua. Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, ina mafunzo ya amani kwa wanafunzi, ingawa tukio lake ni la aina tofauti na kubwa zaidi.

Pengo kubwa ni kwamba kila nchi hufundisha msiba wake peke yake. Mwanafunzi wa Nairobi husoma zaidi habari za Nairobi. Wa Dar es Salaam anaweza kuiona kumbukumbu ya shambulio hilo katika Makumbusho ya Taifa, akadhani ni habari ya Oysterbay tu. Kampala ilipigwa Julai 11, 2010, watu zaidi ya 70 wakafa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Garissa ilipoteza watu 148 Aprili 2, 2015. Ni mlolongo mmoja wa maumivu unaosomwa vipandevipande.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweza kuwaweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja mpakani. Kuwaweka wanafunzi wa Namanga mbili, ya Kenya na ya Tanzania, kwenye basi moja kwenda kusoma majina ya Agosti 7 si kazi ngumu kuliko hiyo. Kamati za shule za mipakani, ambazo wafanyabiashara wengi ni wajumbe wake, zinaweza kuanza bila kusubiri mkutano wa marais.