Nusu Saa kwa Waliokesha

Ndugu zangu wa Karatu,

Baada ya salamu kutoka Leeds inafuata ghadhabu. Kwani nimesikia katika redio, niifunguayo ili nipate sauti za kwetu, kiongozi akiwakaripia wauguzi mbele ya kadamnasi kwa lugha yao mbovu, na kadamnasi ikimpigia makofi.

Enyi mliopiga makofi, mmepata kuketi wodini saa tisa ya usiku, ukungu wa Oldeani umeshuka hata madirishani, na muuguzi yu peke yake baina ya dripu inayokwisha, mzazi wa Rhotia anayelia, na mgonjwa wa rufaa kutoka Endulen, ambaye nduguze, waliotikiswa ukingoni mwa kreta hata lango la Lodoare, wamemkabili sista kana kwamba ndiye aliyeichimba barabara ile? Akifariki mgonjwa, sista humfumba macho, humfunga kidevu kwa bandeji, huandika saa daftarini, kisha huiendea dripu. Na asubuhi hukabidhi ripoti, akapanda bodaboda kwenda kuwapikia watoto uji, pasi na mtu aliyemwuliza amekeshaje. Simanzi hiyo ikirudi wodini usiku wa pili imekuwa ukali, nanyi mkauita kiburi.

Sitaki semina, wala bango la maadili. Nataka nusu saa ya alfajiri, ndani ya muda wa kazi, chai ikiwa mezani, matroni akiwapo bila kalamu, waliokesha waseme yaliyowalemea. Huku yako mabaraza ya namna hiyo, yaliyoingia Uingereza mwaka 2009 kutoka Marekani, yenye jina la Kenneth Schwartz, wakili wa Boston aliyekufa kwa saratani mwaka 1995, akisifu upole wa waliomwuguza. Humo daktari na mfagizi huketi pamoja. Ninyi mnaokaa vikao vya harusi miezi mitatu mtashindwa na nusu saa?

Najua mtaniuliza mbona nami sipo. Shirika la Afya Duniani limeitia Tanzania katika orodha ya nchi zenye upungufu wa watumishi wa afya, na waajiri wa huku wamekatazwa kuwafuata wauguzi wetu huko. Lakini ajaye kwa miguu yake hakatazwi, na mlango huo ndio nilioingilia, nikawaachia wenzangu zamu zangu.

Basi majani ya chai na sukari ya mwaka mzima nitalipa mimi. Nusu saa yenyewe mwombeni mganga mfawidhi.