Benki haikopeshi ukuta, inakopesha hati

Mimi fundi mwashi. Nimejenga Tandale na Mbezi kwa matofali yale yale, nondo zile zile. Lakini mama wa Tandale mwenye vyumba sita vya kupangisha ana leseni ya makazi tu. Huambulia mkopo mdogo wa biashara. Mwenye hati miliki ya miaka 99, au hati ya sehemu ya ghorofa chini ya sheria ya 2008, ndiye anayekaribishwa kiti. Leseni haizidi miaka 5. Rehani ya miaka 20 itaegemea wapi? Benki siilaumu. Halmashauri ndizo zipime viwanja, zirasimishe mitaa. Kodi ya jengo tunakatwa sote tunaponunua umeme wa LUKU. Hati nazo zitufikie sote.