Haki ya binti hupotelea afisini mwa chifu

Na Josephine Khasandi

Mzee akifariki katika kaunti yetu ya Kakamega, mara nyingi kesi ya shamba lake huwa imeshaamuliwa kabla hakimu hajalifungua faili. Huamuliwa siku jamaa wanapokwenda kwa chifu kuchukua barua ya kuwatambulisha warithi. Wavulana hutajwa wote. Mabinti walioolewa huachwa, eti wana mashamba kwa waume zao. Pengine hata mjane huwekwa kando, shemeji akajitwika usimamizi.

Sheria haitambui ubaguzi huo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume pale marehemu asipoacha wosia, wala haiulizi kama binti ameolewa. Ni maeneo machache, kama Turkana, Samburu na Narok, yaliyoruhusiwa kufuata mila katika kurithi ardhi ya kilimo na mifugo. Kakamega haimo. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ambayo Kifungu chake cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia katika mila zinazohusu ardhi ukomeshwe.

Mahakama nazo zimesema. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, ikiketi Eldoret, iliamua mzozo wa familia ya Rono kuhusu ekari 192. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana wa kiume ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5, kwa hoja kwamba mabinti wangeolewa. Majaji wa Rufani waliikataa hoja hiyo na kuwapa watoto wote mafungu sawa.

Basi mbona dada zetu wangali wanatoka mikono mitupu? Kwa sababu wanafika kwa wakili wakiwa wamechelewa. Ombi la saksesheni, yaani la kusimamia mali ya marehemu, hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kutoa siku 30 za kuweka pingamizi. Nani kule Lugari au Khwisero hulisoma gazeti hilo? Binti hugundua siku mpima ardhi anapoingia bomani, au mnunuzi anapozungusha ua. Hapo itambidi aombe hati ya usimamizi ibatilishwe, kesi inayokula miaka na pesa asizo nazo.

Ndiyo maana nasema mawakili wa Kakamega wapeleke taaluma yao kule mambo yanakoharibikia. Wafike kwenye mabaraza ya machifu, wawafunze manaibu wa chifu na wazee wa mitaa, na wadai kwamba orodha ya wajane na watoto wote isomwe hadharani kabla barua haijapigwa muhuri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria. Watu hao wapatikane katika kila lokesheni, na serikali itenge fedha za kazi yao.

Nao mawakili wanaoajiriwa na ndugu wa kiume wana wajibu. Hati ya kiapo inayowasilishwa kortini inapaswa kuwataja wajane na watoto wote. Wakili anayeijaza bila kuuliza, "Mabinti wako wapi?" anasaidia kuwanyang'anya.

Najua wapo wanaosema kwamba kuwaita mabinti ni kuvunja jamii. Ninavyoona, jamii huvunjwa na siri. Sheria humruhusu binti kuliacha fungu lake kwa hiari yake na kwa maandishi, na wapo wengi ambao wangewaachia kaka zao kwa upendo. Lakini hawezi kusamehe alichofichwa. Lazima kwanza aitwe, aelezwe haki yake, kisha aamue mwenyewe.

Mawakili wetu husifiwa kwa kesi wanazoshinda kortini. Naomba tuanze kuwapima pia kwa majina ya akina mama na mabinti waliyohakikisha yameandikwa mapema, hata kesi isiwepo.