Mate Yasidharauliwe

Kumtemea mtu mate ni tusi kubwa. Hata hivyo mimi naona kwamba mate yastahili heshima, na nitaeleza sababu.

Bibi yangu alitafuna tambuu tangu ujana wake. Likizo moja nilimwona ana kidonda pembeni mwa ulimi. Nilipomsihi aende hospitali alikataa, akasema, "Mjukuu wangu, huko watanikata nyama." Alikwenda baada ya miezi minane, wakati hata uji haumezeki. Maradhi yake yalikuwa saratani ya kinywa. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha.

Hofu yake haikuwa ya bure. Hata leo daktari hapati hakika ya saratani hiyo mpaka akate kipande kidogo cha nyama, kikapimwe kwa darubini. Basi nilifurahi mwalimu wetu wa Biolojia alipotueleza kwamba mate nayo hutoa ushahidi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walilinganisha mate ya wagonjwa 32 na ya watu 32 wasio na maradhi hayo. Walikuta jumbe saba za chembe hai, ziitwazo RNA, zimezidi katika mate ya wagonjwa. Kwa kutumia nne tu kati ya hizo, waliwatambua wagonjwa kwa asilimia 91.

Baadhi ya wenzangu walicheka, wakasema hayo ni mambo ya matajiri. Sikubaliani nao. Kutema mate kikombeni hakutaki sindano wala kisu. Kwa hiyo kipimo hicho chawafaa hasa wazee wetu wanaokimbia kisu. Ni kweli hakijakamilika: ufizi wenye ugonjwa waweza kuyabadili mate na kukidanganya kipimo, na neno la mwisho bado ni la kile kipande cha nyama. Lakini mtu aliyeonywa na mate yake mwenyewe atakubali kukatwa mapema.

Je, tungoje? La. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Likizo hii kila mmoja wetu awatazame wazee wake kinywani, hasa watumiao tumbaku, tambuu au pombe. Akiona kidonda kisichopona kwa majuma mawili, au baka jeupe au jekundu, asikubali kushindwa kwa maneno, kama nilivyoshindwa mimi na bibi yangu.